Nani Ataamka Saa Nane Usiku? Kumchagulia Mzazi Nyumba Ndogo ya Wazee Jimboni Washington

Ukipita mitaa ya makazi ya Kent, Federal Way, Lakewood au Puyallup, unazipita nyumba za wazee bila kuzitambua. Hazina bango wala mlinzi getini. Ni nyumba kama za majirani, isipokuwa pengine utaona mlangoni mteremko wa mbao wa kupandishia kiti cha magurudumu, na nje magari mawili matatu ya wahudumu. Sheria ya jimbo la Washington inaziita Adult Family Home, na wenzetu wamezoea kusema AFH tu. Kwa miaka mingi nyumba ya namna hii haikuruhusiwa kuzidi wakaaji 6. Tangu sheria ilipolegezwa mwaka 2020, inayotimiza masharti ya ziada inaweza kukubaliwa hadi 8.

Wenye nyumba wengi ni wahamiaji: Wafilipino, Waromania, Waethiopia, na Wakenya si haba. Safari zao zinafanana. Mtu huanza kama mhudumu wa zamu za usiku, akatimiza saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa ambazo sheria inazidai, akasoma kozi ya uendeshaji, akakopa, akafungua nyumba yake. Ndiyo maana familia ikifika mahali ambapo mama hawezi tena kuachwa peke yake mchana, watoto wote wakiwa kazini, ushauri wa kwanza hutoka kwenye kundi la WhatsApp: "Kuna dada wa kanisani ana nyumba nzuri. Ni mtu wetu."

Mpigie huyo dada. Lakini ukishampigia, mpime kwa kipimo kile kile ambacho ungempimia mtu usiyemjua kabisa. Nyumba ya mtu wa kwetu isomewe faili lile lile, iulizwe maswali yale yale, na itembelewe jioni kama nyingine. Utu wa nyumbani unatosha kumwingiza kwenye orodha yako, hautoshi kumfanya apite bila mtihani. Ukimwona mwenye nyumba amenuna kwa sababu umeomba kuona leseni yake, umeshajifunza jambo muhimu, tena bure.

Anza na mgonjwa, nyumba baadaye

Kwa muda wa wiki moja andika kila kitu ambacho mzazi wako anasaidiwa kufanya. Kuinuka kitandani, choo, kuoga, kuvaa, kula, dawa, kutembea. Andika hasa ya usiku: anaamka mara ngapi, anaita au anaondoka kimyakimya, amewahi kuanguka wapi. Mambo ya mchana kila nyumba inayaweza. Nyumba zinatofautiana usiku.

Sheria inataka mzee atathminiwe na mtu mwenye sifa kabla ya kuhamia. Kama ni serikali itakayolipa, tathmini hufanywa na afisa wa DSHS, idara ya huduma za jamii na afya ya jimbo. Kama mnalipa wenyewe, mtamtafuta mtathmini, mara nyingi muuguzi, na mtamlipa. Siku hiyo msifiche kitu. Familia zetu zina tabia ya kumsitiri mzee mbele ya wageni: "Mama husahau kidogo tu." Kumbe mama huyo alitoka nje pekupeku mwezi wa Januari, akapatikana kituo cha basi. Tathmini iliyopambwa itampeleka kwenye nyumba isiyomweza, na baada ya wiki chache mtapewa barua ya kutafuta pengine, naye atahama mara ya pili akiwa amechanganyikiwa zaidi.

Uliza pia kama nyumba ina kibali cha fani inayohitajika. Jimbo linatambua fani tatu: ugonjwa wa kusahau, yaani dimensha, maradhi ya akili, na ulemavu wa ukuaji. Ikiwa daktari ameshaandika dimensha na nyumba haina kibali hicho, ifute hata kama pazia zake ni za hariri.

Soma faili lake

DSHS inaweka kwenye tovuti yake orodha ya nyumba zote zenye leseni. Unatafuta kwa mji au kwa jina, unaona leseni ni ya nani, vitanda vingapi, fani zipi, na kama nyumba ina mkataba wa kupokea Medicaid, bima ya serikali kwa wasio na uwezo. Humo humo kuna ripoti za ukaguzi na barua za adhabu. Wakaguzi huja bila taarifa, takriban kila miezi 18, na huja tena mtu akipeleka malalamiko. Watu wengi huishia kutazama picha za sebule na hawazifungui ripoti hizi, ilhali zimeandikwa kwa Kiingereza chepesi na nyingi hazizidi kurasa chache.

Usitafute nyumba isiyo na kosa hata moja. Mkaguzi akikaa siku nzima hakosi kitu, na kadi ya mhudumu ya usalama wa chakula iliyopitwa na tarehe haijamuua mtu. Tafuta makosa ya aina nyingine. Mzee alianguka, na simu ya 911 ikachelewa kupigwa. Dawa zilikosewa. Mtu aliachwa peke yake na wagonjwa akiwa hajamaliza mafunzo. Mhudumu alianza kazi kabla rekodi zake za jinai hazijachunguzwa. Kisha angalia kama kosa limejirudia katika ukaguzi uliofuata. Kosa la mara moja lililorekebishwa linaonyesha mwenye nyumba anasikia. Lililojirudia mara tatu ndiyo desturi ya nyumba. Na ukikuta amri ya kuizuia nyumba isipokee wakaaji wapya, uliza ilitolewa kwa nini na iliondolewa lini, na ukishasikia jibu la mwenyewe, lilinganishe na maandishi.

Neno moja kuhusu madalali. Kuna kampuni zinazokutafutia nyumba bila kukutoza hata senti, kwa kuwa analipa mwenye nyumba mzee anapohamia. Sheria ya Washington ya mwaka 2011 inawataka wakueleze wazi nani anawalipa. Wanaweza kukusaidia, hasa kama hospitali inataka kitanda chake kesho asubuhi, lakini watakuonyesha nyumba walizo na makubaliano nazo tu. Na kuhusu haraka hiyo ya hospitali: mgonjwa mwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, ana haki ya kukata rufaa akiona anaruhusiwa kutoka mapema mno. Omba karatasi ya maelezo ya rufaa. Wanatakiwa kuwa wamekupa.

Nenda jioni

Ziara ya kwanza piga simu, panga saa, vaa vizuri. Utakuta sakafu inang'aa na mwenye nyumba mlangoni. Ziara ya pili nenda kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Ni saa ambazo wenye dimensha huanza kuhangaika na kutaka kwenda "nyumbani", chakula kinapikwa, zamu zinabadilishana, na mhudumu mmoja anavutwa huku na huku. Kaa sebuleni nusu saa. Usiulize kitu, tazama tu.

Tazama kama mhudumu hubisha mlango kabla ya kuingia chumbani. Tazama kucha za wazee, na kama glasi ya maji iko mahali ambapo mkono wa mzee unafika. Nani amewashiwa televisheni asiyoitazama tangu asubuhi? Harufu ya mkojo ya mara moja ni jambo la kawaida katika nyumba yenye wagonjwa. Harufu iliyoingia kwenye zulia ni habari nyingine, na manukato makali ya kupuliza yanayokupokea mlangoni yananitia shaka kuliko mkojo wenyewe.

Halafu uliza swali la usiku: mama akiamka saa nane akitaka choo, nani anamsikia, na yuko wapi? Nyumba nyingine zina mhudumu anayekesha. Nyingine zina mhudumu anayelala chumba cha pili na kifaa cha kusikilizia kando ya mto, na hilo linaweza kutosha kwa mzee anayelala usiku kucha. Kwa mzee anayetangatanga au anayehitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, halitoshi. Jibu la "huwa tunawaangalia" si jibu. Omba uambiwe ni nani kwa jina, amelala au anakesha, na kama mlango wa nje una kengele ukifunguliwa.

Nimewahi kufanya zamu za usiku katika nyumba hizi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba mhudumu mwema aliyechoka ni hatari kuliko mhudumu mkavu aliyepumzika. Wengi wetu hupiga shifti mbili mfululizo, nyingine katika nyumba moja na nyingine katika nyumba ya pili upande wa pili wa mji. Kwa hiyo uliza ratiba: nani yuko zamu kwa wiki nzima, anapumzika lini, anayelala humo ndani hupata siku ya kutoka? Kama kumwinua mgonjwa mmoja kunahitaji watu wawili, hao wengine watano wanaangaliwa na nani wakati huo? Uliza vilevile wahudumu wamekaa hapo miaka mingapi. Nyumba inayobadilisha watu kila miezi mitatu haina uwezo wa kujua kwamba mama yako akinyamaza ghafla ni dalili ya maambukizi ya mkojo. Mtu aliyemzoea ndiye hulitambua hilo.

Mafunzo yenyewe si siri. Mhudumu wa kawaida anatakiwa kupata saa 75 za mafunzo ya msingi, na saa 12 za nyongeza kila mwaka, isipokuwa aliye na cheti kingine kama cha muuguzi msaidizi. Rekodi zake za jinai huchunguzwa na alama za vidole huchukuliwa. Kuuliza haya si matusi.

Na mwenye nyumba mwenyewe anaishi humo? Zamani ndivyo ilivyokuwa kwa wengi. Leo wengine wana nyumba tatu nne, kila moja na meneja wake, na yule unayemwona siku ya ziara hutamwona tena hadi siku ya ankara. Wengine bado wana kazi yao hospitalini. Uliza pia: ukienda Kenya Desemba, nani anashika nyumba? Ukiumwa? Una mpango wa kuuza? Nyumba ndogo husimama juu ya mtu mmoja au wanandoa wawili, na mnunuzi anapokuja huja na leseni yake, watu wake na bei yake.

Usisahau hali ya hewa. Juni 2021 joto la Seattle lilipita nyuzi 42 za Selsiasi katika mji ambao nyumba nyingi hazikuwa na kiyoyozi, na wazee ndio walioumia zaidi. Novemba 2024 dhoruba ya upepo ilikata umeme kwa mamia ya maelfu ya wateja magharibi mwa jimbo. Kama mzazi wako anatumia mashine ya oksijeni, omba uonyeshwe jenereta, na umwombe mtu aiwashe mbele yako.

Lugha, chakula na bafu

Hapa ndipo nyumba ya mtu wa kwetu inapoweza kushinda zote, na ndipo pia familia hudanganyika.

Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza na lugha iliyojifunzwa ukubwani. Mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kiingereza miaka thelathini anaweza kufika mahali akabaki na lugha ya mamake tu. Sasa usiridhike ukiambiwa "sisi tunaongea Kiswahili". Kwanza, jiulize kama Kiswahili ndicho kitakachobaki. Mama wa Nyeri au Bukavu huenda alikijua Kiswahili cha sokoni, lakini anayoota usiku ni Kikuyu au Kishi. Pili, anayekiongea ni nani, na yuko zamu ipi? Mwenye nyumba anayesema "shikamoo mama" siku ya ziara kisha akaenda kazini, huku wahudumu wa mchana na usiku wakiongea Kitagalogi na Kiingereza, hajakuletea lugha. Kama hakuna nyumba yenye lugha yake, andikeni maneno ishirini ya lazima: choo, maji, inauma, baridi, nani yupo. Bandikeni ukutani kwa herufi kubwa jinsi yanavyotamkwa, na rekodini sauti zenu zikiyasema. Mhudumu mwenye moyo atayashika kwa wiki moja.

Tazama vilevile jinsi wahudumu wa kwetu wanavyomtendea mzee wa Kimarekani asiyeelewa wanachocheka. Wakimsahau pembeni kama kiti, watamsahau pia mama yako siku atakapopotewa na maneno.

Chakula ni jambo la kusema wazi siku ya kwanza. Uji asubuhi unawezekana? Familia inaruhusiwa kuleta chakula, na kitahifadhiwa wapi? Mzee mwenye kisukari au mwenye shida ya kumeza atapikiwa nini wengine wakila sandwichi? Kwa familia za Kiislamu, "hatutampa nguruwe" ni jibu pungufu. Ulizeni nyama inanunuliwa wapi, kama sufuria zinachanganywa, nani atamsaidia kutawadha, na Ramadhani ikifika mzee mwenye insulini akasisitiza kufunga, nani atazungumza na daktari wake.

Kisha bafu. Wazee wetu wengi wangestahimili njaa kuliko kuvuliwa nguo na kijana wa umri wa mwana wao. Mama anaweza kukubali kila kitu mchana, kisha akapigana bafuni, na karatasini ikaandikwa kwamba ni "mkali". Uliza bila haya: atamwogesha mwanamke? Kila siku, hata Jumapili, hata mhudumu huyo akiwa likizo? Kwa baba mkwe anayeogeshwa na msichana aliyetoka kijiji chao, swali ni lile lile kwa upande wa pili. Likiandikwa kwenye mpango wa huduma lina nguvu. Likisemwa tu mlangoni halina.

Na kuna la siri, ambalo nyumba ya mgeni haina. Mhudumu wa kwetu huenda anasali nanyi, ana shangazi mtaani kwenu, yumo kwenye makundi yenu matatu ya WhatsApp. Sheria inamkataza kutoa habari za mgonjwa, lakini sheria haikai naye kwenye chai ya baada ya ibada. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba habari za mwili wa mzee wenu zisitoke, na picha zake zisipostiwe, hata ile ya keki ya siku ya kuzaliwa. Nimeona familia ikijua kwa watu wa kanisani kwamba baba anavaa pampasi, kabla mwenye nyumba hajawaambia.

Dawa

Omba kuona kabati la dawa. Linatakiwa kufungwa. Omba uonyeshwe daftari la dawa lilivyo, majina yakiwa yamefunikwa. Ukiona saa kumi alasiri mtu ameshatia sahihi dawa za saa mbili usiku, toka, safari imeisha. Anayejaza daftari kabla ya kumpa mgonjwa dawa siku moja atajaza bila kumpa.

Washington ina utaratibu ambapo muuguzi aliyesajiliwa humfundisha mhudumu kazi fulani, kama kudunga insulini au kutia dawa machoni, kwa ajili ya mgonjwa mmoja maalumu, kisha humsimamia. Uliza muuguzi wa nyumba hiyo ni nani na huja mara ngapi. Dawa za kulaza au kutuliza zina swali lake: ilianza lini, kwa amri ya daktari yupi, kwa dalili gani? Sheria inakataza kumlaza mzee kwa dawa kwa ajili ya urahisi wa wahudumu. Mzee aliyekuwa akitembea, na wiki mbili baada ya kuhamia anasinzia mezani, apelekwe kwa daktari wake mwenyewe, pamoja na orodha kamili ya dawa.

Fedha na karatasi

Bei hutajwa kwa mwezi na hupanda kadiri mgonjwa anavyohitaji msaada zaidi. Kwa anayelipa mwenyewe ni dola elfu kadhaa, na kwa anayehitaji msaada mwingi ni zaidi. Nyumba inatakiwa kukupa fomu mbili za jimbo, moja ya huduma inazotoa na nyingine ya ada zake. Chukua fomu hizo kutoka kila nyumba uliyotembelea, uzisome nyumbani bila mtu kukutazama. Tafuta: nini kinaifanya bei ipande, amana inarudishwa lini, mzee akilazwa hospitali mnaendelea kulipa kitanda kwa siku ngapi, na akifariki tarehe 5 fedha za mwezi zinakwenda wapi.

Medicare hailipi pango na chakula katika nyumba hizi. Hulipa daktari, hospitali, na hata huduma za wagonjwa wanaokaribia kufariki, ambazo wauguzi wake wanaweza kuja kuzitoa humo humo ndani. Anayelipa nyumba ya wazee kwa wasio na uwezo ni Medicaid, na masharti yake ni makali. Kwa mtu asiye na mwenzi, akiba isizidi dola 2,000, ingawa baadhi ya mali hazihesabiwi, na maofisa huangalia mali iliyogawiwa katika miaka mitano iliyopita. Shamba lililoko nyumbani litajwe kwenye fomu. Kabla ya kuliandikisha kwa jina la mtoto ili "lisionekane", zungumza na wakili wa masuala ya wazee.

Wazazi walioletwa na watoto wao kwa green card kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kustahili Medicaid ya shirikisho. Kwa wakimbizi, sheria ya shirikisho ya mwaka 2025 imebana haki ya Medicaid kuanzia Oktoba 2026, kwa hiyo ushauri uliopewa na jirani aliyeomba miaka mitatu iliyopita huenda umekwisha nguvu. Mzazi mwenye viza ya matembezi hana njia hiyo. Gharama ni zenu. Na wewe mwenyewe unayekatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwa ajili ya WA Cares, mfuko wa jimbo wa matunzo ya muda mrefu, fahamu kuwa mafao yake, hadi dola 36,500 kwa maisha, ni ya anayechangia. Hayamhusu mama ambaye hakufanya kazi hapa.

Swali la fedha linalosahaulika kuliko yote: fedha zenu zikiisha, nyumba itampokea kwa Medicaid au itamtoa? Nyumba nyingine hazipokei kabisa, na nyingine hudai mlipe wenyewe kwa muda fulani kwanza. Sera hiyo inatakiwa kuwa kwenye maandishi, nawe uisome kabla ya kutia sahihi. Ndugu watatu waliojichanga kwa harambee ya kila mwezi huweza kulipa mwaka wa kwanza kwa furaha. Mwaka wa tatu mmoja amepoteza kazi, na mwingine hapokei simu.

Hati ya uwakilishi, ya mali na ya afya, iandikwe mama akiwa bado anaelewa anachotia sahihi, mbele ya mthibitishaji au mashahidi wawili. Mwenye nyumba au mhudumu asiwe ndiye mwakilishi, hata akiwa mtu wa karibu kanisani. Usitegemee hati ya huku ifanye kazi benki na ardhi za nyumbani; hizo ziandaliwe na wakili wa huko. Na kaeni ninyi kwa ninyi, mkubaliane nani anapigiwa simu saa za usiku. Nyumba ikipokea maagizo manne kutoka kwa watoto wanne, itafuata la mwenye sauti kubwa.

Baada ya kuhamia

Yatasemwa maneno. Kutoka nyumbani itakuja simu ya mjomba akiuliza mnawezaje kumtupa mama kwa wazungu. Mjibu kwa heshima, mweleze anaamka mara ngapi usiku na ninyi mnaingia kazini saa ngapi. Kisha endelea na shughuli, kwani wiki za kwanza ndizo zinazotaka macho yako.

Ndani ya siku 30 nyumba inatakiwa kukamilisha mpango wa huduma uliojadiliwa pamoja nanyi. Usiusaini kwenye gari. Kaa chini, hakikisha bafu, lugha, chakula na choo cha usiku vimeandikwa kwa maneno ya kutekelezeka. Nenda kumtembelea kwa saa zisizotabirika. Kupokea wageni ni haki ya mzee. Mkipenda kuweka kamera chumbani mwake, inawezekana, ila kuna utaratibu wa ridhaa, ya mzee mwenyewe na ya anayelala naye chumba kimoja. Usiifiche kwenye saa ya ukutani.

Kukiwa na tatizo dogo, mwambie mwenye nyumba kwanza, uso kwa uso, kisha utume ujumbe wa maandishi wenye tarehe. Wengi wao ni watu wa bidii wanaofanya kazi ngumu kwa faida ndogo, na hurekebisha. Nyumba haiwezi kumtoa mzee kwa hasira: kwa kawaida inampasa kutoa taarifa ya siku 30 kwa maandishi, na sababu zinazokubalika kisheria ni chache. Ukipata barua ya namna hiyo, wasiliana na ofisi ya mtetezi wa wakaaji wa nyumba za wazee ya jimbo. Huduma yake ni bure na tangazo lake linatakiwa kubandikwa ndani ya kila nyumba. Siku ya ziara, angalia kama lipo.

Ukiona michubuko isiyoelezeka, fedha zimepotea, au mzee anamwogopa mtu fulani, usisubiri kikao cha wanafamilia wala ushauri wa mchungaji, na usijali mwenye nyumba ni mtu wa wapi. Piga 1-866-363-4276, namba ya DSHS ya kuripoti unyanyasaji. Huhitaji kuwa na ushahidi, unahitaji tu kuwa na sababu ya kushuku. Iweke namba hiyo kwenye simu yako kabla ya siku ya kuhamia, na uwatumie ndugu zako wote.